Bibi Arusi wa Lammermoor

Katika hadithi nyingi alizoandika Sir Walter Scott wa Uskoti, iko moja ipitayo zote kwa huzuni, nayo ni ile iitwayo The Bride of Lammermoor, yaani Bibi Arusi wa Lammermoor. Ilitolewa mwaka 1819. Wengi wetu tuliosoma katika shule za misheni twamjua Scott kwa ajili ya Ivanhoe, hadithi ya mashujaa wenye mikuki na mavazi ya chuma, ambayo nayo ilitoka mwishoni mwa mwaka ule ule. Lakini msomaji wa Ivanhoe hufunga kitabu akalala usingizi mwema. Msomaji wa hii halali. Mimi nimeisoma mara mbili; mara ya kwanza kwa starehe, na mara ya pili kwa haja, na haja hiyo nitaieleza mahali pake.

Kabla ya hadithi yenyewe yafaa nimtaje mtungaji, kwa kuwa alikuwa karani. Wenzangu mnaokaa nyuma ya meza za serikali, msicheke. Tangu mwaka 1806 Scott alikuwa karani wa Mahakama Kuu mjini Edinburgh, akiketi mezani chini ya waamuzi, na kazi hiyo aliishika kwa miaka zaidi ya 20. Hadithi zake aliziandika asubuhi na mapema kabla ya kifungua kinywa, wala hakukiri mbele ya watu kwamba ni zake mpaka mwaka 1827. Mwaka alipoandika hii alikuwa mgonjwa wa tumbo, akipatwa na maumivu makali mno, hata sehemu nyingine aliitamka kitandani na wengine wakaiandika. Ilisemwa zamani kwamba kitabu chote kilitungwa hivyo, na kwamba kilipopigwa chapa mwenyewe hakukumbuka alichokisema. Lakini karatasi za mkono wake zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa, basi nadhani habari hiyo imetiwa chumvi.

Asili ya hadithi ni jambo lililotokea. Mwaka 1669, upande wa kusini-magharibi wa Uskoti, msichana aliyeitwa Janet Dalrymple alikuwa amejifunga kwa siri, kwa ahadi ya ndoa, na Lodi Rutherford. Baba yake alikuwa James Dalrymple, mwanasheria mkubwa kabisa, ambaye baadaye alipewa cheo cha Viscount Stair, na kitabu chake cha mwaka 1681 kimekuwa msingi wa sheria za Uskoti. Wazazi hawakumtaka Rutherford. Mama akamchagulia binti yake David Dunbar wa Baldoon. Binti akaozwa, na majuma machache baada ya arusi akafa. Yaliyotokea usiku wa arusi yalisimuliwa kwa namna nyingi: wengine walisema bibi arusi alimchoma bwana wake kwa kisu, wengine walisema bwana ndiye aliyemchoma mkewe, na wengine, kama ilivyo desturi ya majirani popote duniani, walimtaja Shetani. Scott aliisikia habari hii kwa wazee wa ukoo wake. Akabadili majina, akaihamisha mpaka vilima vya Lammermuir upande wa mashariki, akaiweka katika zama za Malkia Anne, mwanzoni mwa karne ya 18.

Basi hadithi yenyewe ni hii. Ukoo wa Ravenswood ni wa kale na wenye fahari, lakini umefilisika. Ngome yao na mashamba yao yameingia mikononi mwa Sir William Ashton, mwanasheria mwerevu mwenye cheo cha Mtunza Muhuri. Hakuyapata kwa upanga bali kwa karatasi, yaani rehani, deni, na kesi za mahakamani. Bwana mzee wa Ravenswood anakufa kwa uchungu, na mwanawe Edgar anaapa kulipiza kisasi. Amebakiwa na mnara mmoja tu, Wolf's Crag, uliojengwa juu ya mwamba kando ya bahari, na mtumishi mmoja mzee, Caleb Balderstone.

Huyo Caleb ndiye aliyenichekesha katika kitabu kisichokuwa na kicheko kingine. Mnara hauna chakula, hauna divai, hauna hata kitambaa cha meza, lakini Caleb ameapa kwamba mgeni hatajua. Radi ikipiga, yeye hupaza sauti kwamba imeshuka kwa dohani na kuharibu karamu yote iliyokuwa tayari jikoni. Siku nyingine aliingia nyumba ya fundi wa mapipa kijijini, akauchukua mshikaki wa ndege uliokuwa motoni, akaenda zake nao kwa heshima ya bwana wake. Na alipotajwa mgeni mkubwa sana, aliwasha moto wa majani ili watu waamini kwamba mnara unateketea na mgeni akalale kwingine. Nami nawajua wazee wa namna hiyo kwetu, ambao mgeni akija huagiza mbuzi achinjwe kwa sauti kubwa, na huku watoto wanajua kwamba zizini hamna mbuzi.

Edgar anakutana na Lucy Ashton, binti wa adui yake, siku fahali mkali alipomrukia Lucy na baba yake, naye akampiga risasi. Wakapendana. Na hapa yatupasa kumtazama vizuri baba, maana wasomaji wengi humpita upesi. Sir William aliona mapenzi yale yakikua, akanyamaza. Alinyamaza kwa hesabu. Jamaa mmoja wa Edgar alikuwa akipanda cheo katika serikali, na ikiwa kesi za mashamba zingefunguliwa tena, ingalikuwa heri mdai awe mkwe. Basi akawaacha vijana watembee pamoja, wala hakusema ndiyo wala hapana. Wao wakaenda kwenye chemchemi moja ya kale, wakaivunja sarafu ya dhahabu vipande viwili, kila mtu akachukua chake awe nacho shingoni au kifuani, ndiyo ahadi yao.

Kisha mama akarudi kutoka safarini. Lady Ashton ana damu ya heshima kuliko mumewe, na akili kuliko mumewe, na nyumba yote humwogopa. Edgar akafukuzwa. Mama akamtafutia binti yake mchumba mwingine, Hayston wa Bucklaw, kijana wa ulevi na farasi, lakini aliyekwisha kurithi mali nyingi. Makubaliano yakafanywa baina ya nyumba mbili, kama yalivyofanywa miaka hiyo kwa watoto wote wa wakubwa: mashamba haya yataungana na mashamba yale, kiti fulani katika Bunge kitapata kura fulani.

Nataka kusema wazi kwamba Scott hakuandika kitabu cha kulaumu posa za wazee. Wako wasomaji wanaodhani hivyo, hasa vijana, nao hukichukua kitabu hiki kama fimbo ya kuwapigia baba zao. Bucklaw mwenyewe si mtu mbaya. Kabla ya arusi alitaka kujua kwa kinywa cha Lucy kama amekubali, na jibu alilopewa lilimtosha kwa sababu hakujua lililofichwa. Arusi nyingi za nchi ile zilifanywa kwa mapatano ya wazazi, na watu wakakaa salama, wakazaa, wakazikana. Uovu uliomo katika nyumba ya Ashton ni mwingine kabisa, nao ni barua.

Edgar alikuwa ng'ambo kwa kazi ya serikali. Aliandika. Barua zake zilifika mikononi mwa Lady Ashton, naye akazizuia. Za Lucy nazo hazikutoka. Miezi ikapita. Mama hakumpiga binti yake, hakumfunga kwa kamba, bali alimnyima habari tu, na kila siku kumwambia: unaona, amekusahau. Akamletea na mwanamke mzee mwenye sifa ya uchawi, Ailsie Gourlay, akae naye kama muuguzi, ampigie hadithi za mikosi ya ukoo wa Ravenswood. Lucy akapata nguvu mara moja tu, akatoa sharti: nitaandika barua ya kuuliza kama aniachilia ahadi yangu, na jibu lisipofika kwa sikukuu ya Mtakatifu Yuda, nitatia sahihi. Barua iliyotiwa mkononi mwa mama haikusaidia kitu. Lakini alipata njia ya kupeleka nyingine kwa msaada wa mhubiri wa nyumba, mzee mkali ambaye hata hivyo alimhurumia.

Sasa niseme haja yangu. Dada yangu, binti wa baba mdogo, ni mwalimu wa watoto wadogo, naye amenipa ruhusa ya kuandika haya. Iko nyumba jirani ambayo mpaka wake umeshindaniwa na baba mdogo tangu nilipokuwa mtoto. Ni kipande cha shamba na mfereji wa maji upitao katikati. Wazee wamekwisha kukaa barazani mara nyingi hata nimesahau hesabu. Nyumba hiyo ina kijana, na wazee wa pande zote mbili wameona kwamba akimwoa dada yangu, mfereji utakuwa wa watu wa nyumba moja na kesi itakufa. Si wazo la kipumbavu. Nilipolisikia kwanza nililiona kuwa jema. Walakini dada yangu huandikiana na kijana mwingine, afanyaye kazi Nairobi, na barua zake huja kwa sanduku langu la posta, kwa sababu nyumbani kwao mlimani hakuna sanduku.

Jioni moja baba mdogo alikuja kwangu. Baada ya chai aliniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe macho yetu katika mambo ya karatasi. Barua za yule wa Nairobi zikija, zikae kwako mpaka baada ya mavuno. Sikuambii uzichome. Zikae tu."

Nilimjibu, "Baba, ukiniambia nimshauri dada, nitamshauri. Ukiniambia nimwandikie yule kijana kwamba nyumba haimtaki, nitaandika, nawe utaweka dole gumba chini yake. Lakini barua yenye jina la mtu ni mali ya mtu."

Akasema, "Yeye ni mwanangu. Chake ni changu." Akatoka, wala hakuaga.

Usiku ule ndipo nilipokitoa kitabu cha Scott sandukuni. Nilitaka kukisoma tena nione kama nimefanya ukali wa bure kwa mzee aliyenilea baada ya baba yangu kufa. Katika mara ya kwanza nilikuwa nimezipita zile sura za barua kwa haraka, nikikimbilia kisu na damu. Mara hii nilizisoma polepole, nikaona kwamba kisu ni kitu kidogo. Msichana yule alikwisha kuuawa miezi kadhaa kabla ya arusi, na silaha ilikuwa mfuko wa barua.

Liko na jambo la Biblia. Lady Ashton, ili kuvunja ahadi ya chemchemini, hutumia kitabu cha Hesabu, sura ya 30, isemayo juu ya nadhiri za mwanamke akaaye katika nyumba ya baba yake. Hata katika habari ya kweli ya mwaka 1669 husimuliwa kwamba mama yake Janet alitumia aya hizo hizo. Nimeifungua sura hiyo na kuisoma yote, maana mtu asomewapo nusu ya sheria hana budi kuuliza nusu ya pili. Sura yasema baba akiikataza nadhiri siku ile aliyoisikia, imetanguka. Lakini akisikia na kunyamaza, nadhiri imesimama. Tena yataja baba na mume. Mama hatajwi. Sisemi kwamba mama hana neno juu ya mtoto wake. Nasema tu kwamba katika nyumba ile aliyepewa neno alilimeza, na asiyepewa alilichukua, na mhubiri aliyekuwa na kitabu mkononi alisoma alipoambiwa asome.

Sura ya kutia sahihi ningependa kila karani aisome. Ni sikukuu ya Mtakatifu Yuda. Mezani kuna hati ya ndoa yenye kurasa kadhaa, wanasheria, mchumba, ndugu, wazazi, na kidau kikubwa cha wino cha fedha. Lucy anaitwa. Anaanza kuandika jina lake kwa kalamu kavu. Wanamwonyesha kwamba haina wino. Anajaribu kuichovya, na mkono unakikosa kidau, mara moja, mara mbili, mpaka mama yake anamsaidia. Anaandika jina lake ukurasa baada ya ukurasa, na mwandiko umetetemeka kidogo tu. Lakini jina la mwisho halikutimia, limechafuka kwa wino, kwa sababu alipokuwa akiliandika kwato za farasi zilisikika langoni. Alikuwa Edgar. Barua ya siri ilikuwa imefika.

Mimi nimewaona watu wengi wakitia sahihi au dole gumba mbele yangu katika kazi hii. Mtu anayejua anachokitia mkono huitazama karatasi. Asiyetaka huitazama mlango. Mkubwa wangu wa kwanza kazini alinifundisha kuhesabu kurasa na kuangalia tarehe. La mlango hakunifundisha mtu, na sijapata kuliona limeandikwa vizuri kuliko alivyoliandika karani yule wa Edinburgh kwa kalamu kavu ya Lucy.

Yaliyosalia nitayasema kwa ufupi. Edgar akamwuliza Lucy kama sahihi ile ni yake kwa hiari yake. Hakuwa na sauti ya kutosha kumjibu. Mama akaukata kwa mkasi utepe uliokuwa shingoni mwa binti yake, akakitoa kipande cha sarafu, na Edgar akavitupa vyote viwili motoni. Siku chache baadaye wakaenda kanisani. Ndugu yake mdogo Lucy, mvulana, alipanda farasi mmoja naye, akaushika mkono wake akauona baridi kama jiwe, lakini alikuwa mtoto na akili yake ilikuwa kwenye mavazi yake mapya, na maisha yake yote baadaye hakuusahau mkono ule. Usiku, ngoma zikichezwa, kilio kikasikika chumbani. Bucklaw alikutwa kizingitini amejeruhiwa vibaya. Lucy alikutwa amejikunyata penye pembe ya dohani, nguo zimechanika, akili imemtoka. Akafa baada ya muda mfupi. Bucklaw alipona, akawaonya rafiki zake kwamba mwanamke atakayemwuliza habari za usiku ule atakuwa amevunja urafiki, na mwanamume atakayemwuliza ajitayarishe kwa upanga. Edgar, akienda kupigana na kaka yake Lucy, alimezwa na mchanga wa pwani wenye kudidimiza, yeye na farasi wake, na mzee Caleb akaokota unyoya wa kofia tu.

Mwaka 1835 Donizetti, mtunga muziki wa Italia, aliifanya hadithi hii kuwa mchezo wa kuimbwa, ukachezwa kwanza katika mji wa Napoli, na mpaka leo waimbaji wa kike wakubwa hupimwa kwa wimbo wa Lucy mwenye wazimu. Lakini katika mchezo huo mama ameondolewa, na mlazimishaji ni kaka mtu. Labda ni rahisi kwa watazamaji kumchukia kaka. Kwa maoni yangu mchezo umepoteza hapo jambo lililo gumu kuliko yote, kwamba Lady Ashton alimpenda binti yake kwa namna aijuayo, na aliamini hata mwisho kwamba anamjengea nyumba.

Baba mdogo hakuja kwangu kwa majuma matatu. Siku aliporudi alikuwa na shauri la kodi, na tulipolimaliza akakiona kitabu mezani, akaniuliza kinasema nini, maana alikuwa ameambiwa na shangazi kwamba ndicho kilichonitia kiburi. Nikamsimulia. Yeye ni msikilizaji mzuri, kama wazee wote wa baraza. Hakunikatiza mpaka kilio cha chumbani. Ndipo akauliza, "Na baba yake, siku hizo zote, alikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Alikuwamo nyumbani."

Akavuta ugoro wake, akatazama nje kwa muda. Kisha akasema mvua za mwaka huu zimechelewa, na kwamba mfereji ule umekauka kwa pande zote mbili, hata hakuna cha kushindania. Alipoondoka aliniaga.

Barua ya Nairobi ilifika Jumanne. Niliipeleka mlimani mwenyewe siku ya Jumamosi, nikampa dada yangu mkononi, baba mdogo akiwa ameketi barazani anatengeneza mpini wa jembe. Aliiona bahasha. Aliendelea kuchonga. Wazee wa nyumba ya jirani wanatazamiwa kuja baada ya mavuno kama ilivyopangwa, na dada yangu ameambiwa awepo siku hiyo, aketi pamoja nao, na aseme.